Ufunguo wa Maktaba Uko kwa Nani?

Tuanze na karanga.

Siku moja katika kiangazi kilichopita tulinunua karanga sokoni hapa Kalemie. Mama mwenye kuuza alizifunga katika kipande cha karatasi, akatupa, tukaenda zetu. Tulipozimaliza tuliikunjua ile karatasi. Kumbe, ulikuwa ukurasa wa kitabu cha jiografia, wenye ramani ya ziwa letu Tanganyika, na pembeni muhuri wa chumba cha kusomea cha parokia moja. Tulirudi kwa yule mama, tukamwuliza: "Mama, karatasi hizi umezipata wapi?" Akajibu: "Baba, niliuziwa kwa kilo. Walisema vitabu hivyo havina kazi tena, kwa sababu siku hizi watu wote wanasoma katika simu."

Tulikwenda kuuliza huko zilikotoka. Parokia hiyo hatuitaji kwa jina, maana hatuandiki ili kumwaibisha mtu. Tena waliofanya jambo hilo walilifanya kwa moyo mwema. Mfadhili mmoja wa mbali aliwaletea tableti sita, na ndani yake, kama walivyoambiwa, vitabu elfu na zaidi. Halmashauri ikafurahi, na nani asingefurahi? Makabati yakaondolewa, vitabu vya karatasi vikatolewa, chumba kikapakwa rangi. Mwaka wa kwanza watoto walijaa pale kila jioni. Mwaka wa pili ada haikulipwa, kwa sababu mfadhili alikuwa amekwisha kumaliza kazi yake, na hakuna aliyejua ya kuwa kuna ada. Leo ukiwasha tableti hizo waona picha za majalada, zimepangwa vizuri kama vitabu rafuni. Ukigusa mojawapo, yatokea maneno ya kudai malipo. Vitabu elfu vipo mbele ya macho, wala hakuna hata kimoja kinachofunguka. Na vile vya zamani vimekwisha kufungia karanga.

Basi sisi twasema waziwazi: kitabu cha kielektroniki ni kitu chema, nasi twakikaribisha, lakini maktaba isiyomiliki vitabu vyake si maktaba. Ni duka la mtu mwingine lililowekwa nyumbani mwetu. Kabla parokia au shule yoyote haijatoa kitabu kimoja cha karatasi kabatini, yafaa iulize kwanza: ufunguo wa hivi vipya uko kwa nani?

MGENI HUYU ANA MEMA YAKE

Mtu asidhani kwamba twachukia mambo mapya. Sisi wenyewe husoma katika simu, na maandishi haya tumeyaandika kwa kompyuta. Mema ya vitabu hivi twayajua.

Kuleta vitabu Kalemie ni kazi. Vikitoka Lubumbashi vyangoja garimoshi au lori, na barabara za masika twazijua wote. Vikitoka Tanzania vyavuka ziwa kutoka Kigoma. Gharama ya njia yaweza kuipita bei ya kitabu chenyewe. Ndiyo maana katika madarasa mengi mwalimu peke yake ana kitabu. Yeye huandika ubaoni, na watoto hunakili, na asubuhi nzima yaisha kwa kunakili tu. Lakini kitabu cha kielektroniki hakina uzito. Kadi ndogo kama ukucha yabeba vitabu vingi kuliko kabati zima. Mzee ambaye macho yake yamechoka aweza kuzikuza herufi mpaka azione. Kipofu aweza kusomewa na mashine.

Tena karatasi ina adui zake: mchwa, panya, unyevu. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipopanda na kuingia katika nyumba za watu pwani, hayakuchagua kati ya godoro na kitabu. Kwa sababu ya hatari za namna hii hata Maktaba ya Vatikani, yenye maandiko ya mkono kama 80,000, imekuwa ikiyapiga picha moja moja. Mwaka 2014 ilifanya mapatano na kampuni ya NTT DATA ya Japani kwa ajili ya kazi hiyo. Mwanafunzi wa Lubumbashi aweza sasa kutazama bure, katika kompyuta, maandiko ambayo zamani yalimlazimu mtu kusafiri mpaka Roma. Lakini angalieni neno moja: huko Roma hawakuyatupa ya kale baada ya kuyapiga picha. Hawakuyauza kwa kilo.

Wala jambo hili si la jana. Mwaka 1971 Mmarekani mmoja, Michael Hart, alikaa mbele ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois, akapiga kwa vidole vyake Tangazo la Uhuru wa nchi yake ili wengine waweze kulisoma humo. Kazi yake aliipa jina la Gutenberg, yule Mjerumani wa Mainz aliyepiga chapa Biblia katika miaka ya 1450. Leo hazina hiyo ya Project Gutenberg ina vitabu zaidi ya 70,000, na kila mtu aweza kuvichukua bure na kuvitunza kwake. Barani kwetu, shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka 2010, lilianza Ghana kupeleka shuleni visomeo vya kielektroniki, na baadaye likafika hata katika maktaba za umma za Kenya. Visomeo hivyo ni vyembamba, havina anasa nyingine isipokuwa kusoma, na vitabu vikiisha kuingizwa ndani vyafunguka hata pasipo mtandao.

Haya yote ni mema. Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni mwema hubisha hodi, hula pamoja na wenyeji, hulala alipoonyeshwa. Hachukui ufunguo wa nyumba akaenda nao kwao.

KUNUNUA AU KUKODI?

Ukinunua kitabu cha karatasi, ni chako. Waweza kumwazima jirani, kumwachia mtoto, kukiuza ukipata shida. Aliyekuuzia akifa au akifilisika, kitabu chako hakina habari. Maktaba nayo ikinunua nakala moja, huiazimisha mpaka majani yachakae. Kisha huishona upya, ikaiazimisha tena.

Kitabu cha kielektroniki mara nyingi si hivyo. Kampuni kubwa hukifunga kwa kufuli la maandishi ya siri. Kifaa chako hupewa ufunguo wa kukifungua, na ufunguo huo watoka katika mashine za kampuni zilizo ng'ambo. Ulichokilipia si kitabu, bali ni ruhusa ya kukisoma, yaani leseni. Na leseni hiyo ina masharti ya kurasa nyingi ambayo karibu hakuna ayasomaye. Umegusa neno "nakubali", basi umekubali.

Mtu atasema: hayo ni maneno ya kutisha tu. La, yamekwisha kutokea, tena kwa watu wenye nguvu kuliko sisi.

Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ya Marekani iligundua kwamba nakala fulani za vitabu viwili vya Mwingereza George Orwell zimeuzwa na mtu asiyekuwa na haki ya kuziuza. Kampuni ikavifuta vitabu hivyo, kutoka mbali, ndani ya visomeo vya watu waliokwisha kuvilipia. Fedha iliwarudishia, na mkubwa wa kampuni aliomba radhi hadharani. Lakini mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameandika maelezo yake juu ya kitabu alikuta maelezo hayo hayana faida tena, maana kitabu kilikuwa kimekwenda. Na kitabu kimoja katika hivyo viwili, kiitwacho 1984, chasimulia habari za serikali inayofuta maandishi ya kale yasiyoipendeza. Fikirini wenyewe.

Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft iliamua kufunga duka lake la vitabu vya kielektroniki. Haikuiba, iliwarudishia wanunuzi fedha zao. Lakini vitabu vyote walivyokuwa wamevinunua humo viliacha kufunguka. Je, umepata kusikia kwamba mwenye duka la vitabu, siku anapofunga duka, huzunguka nyumba kwa nyumba akikusanya vitabu alivyouza miaka iliyopita?

Mwaka 2011 kampuni ya wachapaji iitwayo HarperCollins iliziwekea maktaba sharti jipya: kila kitabu cha kielektroniki kitaazimishwa mara 26 tu, kisha maktaba ilipe tena. Pigeni hesabu. Msomaji mmoja akikaa nacho majuma mawili, mara 26 ni mwaka mmoja basi. Katika parokia zetu mna vitabu vya nyimbo vilivyopita mikononi mwa bibi, mama na binti. Kwa sharti lile vingekuwa vimekufa kabla bibi hajazijua nyimbo zote.

Hata watunga sheria wameona kwamba neno "kununua" limekuwa neno la kudanganya. Huko California, Marekani, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 yamkataza mwuzaji wa vitu vya namna hii kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu. Ikiwa watu wa California, wanaoishi mlangoni pa kampuni hizo, wamehitaji sheria ya kuwakinga, sisi wa pwani ya Tanganyika tutakingwa na nani? Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

WAYA UKIKATWA

Tuje sasa kwetu. Uchaguzi wa nchi yetu ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake, tarehe 31, serikali ilikata intaneti katika nchi nzima, wala haikurudi mpaka siku kama 20 zilipokwisha kupita, mwezi wa Januari 2019. Wafanyabiashara walilia, benki zikalemaa, jamaa wakakosa habari za jamaa zao. Katika siku zile kitabu chochote kilichokaa mtandaoni kilikuwa kama jiwe. Lakini kitabu cha karatasi kilifunguka kama kawaida. Na kitabu cha kielektroniki kilichokuwa kimetunzwa ndani ya kadi ya mtu, bila kufuli, nacho kilifunguka. Angalieni tofauti hiyo, maana ndiyo kiini cha maneno yetu: ubishi hauko kati ya karatasi na kompyuta, uko kati ya kitabu unachokishika na kitabu unachoruhusiwa kukichungulia.

Vilevile na umeme. Katika Kongo, kwa hesabu za Benki ya Dunia, ni mtu kama 1 tu kati ya 5 apataye umeme. Sisi wa Kalemie tuna bahati ya maporomoko ya mto Kyimbi huko Bendera, lakini kila mmoja wetu anajua ni usiku mingapi bahati hiyo hulala mapema. Na huko vijijini, kwa katekista aliye mbali na waya wowote, hali ni nyingine kabisa. Tena kuna mega za kununua. Baba wa watoto sita, mvuvi au mwuza unga, akitoa fedha ya mega ili mtoto asome mtandaoni, huitoa katika fedha ya chakula. Kitabu kilicho kabatini kikiisha kulipiwa hakidai tena. Kile kinachosomwa kwa mega hudai kila siku, kama mtoto wa mchwa anayekula polepole.

WANAOTUPINGA WASEMAJE?

Wengine watatuambia: "Ninyi mwapinga maendeleo." Twajibu: maendeleo ni kuongeza, si kubadilisha mali kwa deni. Mtu aliyekuwa na vitabu mia tatu vibovu, na leo ana tableti sita zisizofunguka, ameendelea kwenda wapi? Usiache mbachao kwa msala upitao. Atandikaye msala juu ya mbacha wake ana viwili; atupaye mbacha atalala chini siku msala utakapoondoka.

Wengine watatuambia, tena kwa kucheka: "Ninyi Wakatoliki mwasema habari za vitabu kufungiwa? Si ninyi mliokuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa?" Ndiyo, ilikuwapo. Orodha ya Roma ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1559, na ikaondolewa mwaka 1966. Hatuifichi habari hiyo, wala hatusemi kwamba kila kilichofanywa kwa jina lake kilikuwa chema. Lakini kwa sababu hiyohiyo sisi twapaswa kulijua jambo hili kuliko wengine: si vizuri mkono mmoja kushika ufunguo wa vitabu vya watu wote. Tena orodha ile ilipigwa chapa na kusomwa, hata mtu aweza kuitaja na kuibishia. Kampuni inapofuta kitabu usiku katika kifaa chako, wapi imebandikwa orodha? Utamshtaki nani, na kwa nauli gani?

Wengine, na hawa twawasikiliza kwa heshima, watasema: "Pasipo kufuli mtunzi ataibiwa, naye atakufa njaa." Neno hili lina kweli ndani yake. Na hapa tutawageukia vijana wetu wenyewe. Ninyi mnaotumiana katika WhatsApp vitabu vilivyoibwa, mkiviita zawadi, mnamwibia mtu. Mwandishi ni mfanyakazi, na mfanyakazi ana haki ya ujira wake. Kumnyima ni dhambi ileile ya kumnyima mvuna mahindi. Hatutaki maktaba ya parokia ijazwe kwa wizi, hata kama mwizi ana nia njema.

Lakini je, kufuli ndiyo njia ya pekee ya kumlipa mtunzi? Sivyo. Njia ya kwanza ni ya kale: mwuze nakala moja, mlipwe, na nakala hiyo iwe ya mnunuzi kweli, maktaba yenye nakala moja imwazime mtu mmoja mmoja, kama ilivyofanya siku zote. Njia ya pili ni kumlipa mtunzi kwanza, kisha kukifungua kitabu kwa wote. Ndivyo ulivyofanya mpango wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika ya Kusini, na kufungua hazina yake mtandaoni mwaka 2014. Hadithi zake za watoto ziko katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Na kila mwalimu anaruhusiwa kuzichukua, kuzitunza, kuzipiga chapa, hata kuzigeuza katika lugha ya kijiji chake, bila kumwomba mtu ruhusa upya. Huko hakuna kufuli, wala hakuna wizi. Basi asiseme mtu kwamba haiwezekani.

Kwa hiyo twawaomba kwa upole wachapaji wetu wa Kikatoliki, kama Médiaspaul huko Kinshasa na Paulines huko Nairobi: mnapotuandalia vitabu vya kielektroniki, tuuzieni vitabu, msitukodishie. Wekeni bei ya haki, nasi tutalipa. Lakini kikiisha kulipiwa kiwe chetu, kikae katika kadi yetu, kifunguke katika kifaa chochote, na siku duka lenu litakapofungwa kisizikwe pamoja nalo.

NA SISI TUANDIKE

Kuna jambo lingine, nalo latuhusu zaidi. Katika maduka hayo makubwa ya ng'ambo, na hata katika zile hazina za bure, ukitafuta vitabu vya Kiswahili utapata vichache mno. Na vya Kitabwa, Kiluba au Kiholoholo, usiulize. Tukiwaachia wengine kutujazia tableti, watoto wetu watasoma habari za theluji na mbuga za mbali, wala hawatasoma habari za Lukuga, za wavuvi, za reli ya Kabalo, za tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 lililobomoa nyumba za mji wetu. Watajua kwamba vitabu ni vitu vinavyotoka kwa watu wengine.

Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kusini ya mji wetu, pwani ya ziwa, iko Mpala, ambayo Mapadre Weupe waliipokea mwaka 1885. Huko alisoma kijana Mtabwa, Stefano Kaoze. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza maandishi yake ya Kifaransa juu ya fikira za Wabantu yalikwisha kupigwa chapa katika gazeti la Ubelgiji, naye ahesabiwa kuwa miongoni mwa Wakongo wa kwanza kabisa kuandika hivyo. Mwaka 1917 akawa padre, wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. Alifariki mwaka 1951. Miaka zaidi ya mia imepita, na maandishi yake yangali yakisomwa na wenye elimu. Kwa nini? Kwa sababu yalipigwa chapa katika nakala nyingi, zikawekwa katika maktaba nyingi, na kila maktaba ilikuwa na yake. Hata nyumba moja ikiungua, nyingine imebaki nayo. Kama Kaoze angaliandika katika kitabu kilichofungwa kwa ufunguo mmoja wa kampuni moja, na kampuni hiyo ikafunga duka, leo tungalikuwa na nini?

Sasa tazameni jinsi mgeni huyu awezavyo kutusaidia tukimtumia kwa akili. Zamani kupiga chapa kitabu kuliitaji mashine kubwa, fedha nyingi na watu wenye ufundi. Leo mwalimu mwenye kompyuta moja aweza kuketi na wazee wa kijiji, akaandika habari za ukoo, dawa za majani, mithali, nyimbo za kazi, na kuzitengeneza kuwa kitabu cha kielektroniki katika mwezi mmoja. Kisha apige chapa nakala chache tu za karatasi: moja ya parokia, moja ya shule, moja ya jimbo, nyingine za wazee wenyewe waliosimulia. Na ile ya kielektroniki aiweke katika kadi tatu, mahali patatu mbalimbali. Karatasi yakinga siku ya umeme kukatika. Kadi yakinga siku ya maji kupanda. Hapo mgeni na mwenyeji wanasaidiana, na ufunguo uko nyumbani.

MASWALI MATANO

Twajua kwamba wafadhili wengine watakuja, na wengi wao ni watu wema. Wapokeeni kwa shukrani, wala msione haya kuuliza. Atoaye zawadi kwa moyo safi hachukizwi na swali. Sisi twaona kila halmashauri ya parokia na kila mkuu wa shule yafaa aulize haya matano kabla ya kutia sahihi.

Kwanza: vitabu hivi ni vyetu kabisa, au ni vya kukodi? Kama kuna ada, ni kiasi gani, nani atailipa, na mwaka gani mfadhili ataacha kuilipa? Jibu liandikwe.

Pili: vyafunguka pasipo mtandao? Usikubali neno la mdomo. Zima mtandao palepale, mbele yake, ufungue vitabu vitatu.

Tatu: tableti ikivunjika, twaweza kuvihamishia vitabu katika kifaa kingine, cha aina nyingine, bila kumwomba mtu ruhusa?

Nne: umeme utatoka wapi, na fundi atakuwa nani? Kifaa bila paneli ya jua na bila fundi wa hapa hapa ni zawadi ya mwaka mmoja.

Tano: katika vitabu hivyo, vingapi ni vya Kiswahili, na vingapi vyaeleweka na mtoto wa darasa la tatu wa hapa? Elfu ni hesabu kubwa. Lakini kumi vinavyosomwa ni vingi kuliko elfu vinavyotazamwa.

Nasi twaongeza sharti moja lisilo swali. Kitabu cha karatasi kisitolewe kabatini kwa sababu tu kipya kimefika. Kikichakaa, kishonwe. Kikiwa cha uongo au kimepitwa kabisa na elimu, kitolewe, na kuandikwa katika daftari kwamba kimetolewa, na sababu yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tumeona ipoteapo: sokoni, mikononi mwa mama asiye na kosa.

Yule mama wa karanga, tulipomweleza jambo hili, alitutafutia chini ya meza yake kurasa zilizosalia. Zilikuwa kama arobaini. Hakutaka fedha, alitaka tu karatasi nyingine za kufungia, tukampa magazeti ya zamani. Kurasa zile tumezishona kwa uzi, tukazirudisha kule zilikotoka. Kitabu hakina mwanzo, wala hakina mwisho, na ramani ya ziwa ina doa la mafuta. Lakini katekista wa pale ametuambia ya kuwa watoto wanakigombea kila jioni, huku zile tableti sita zikikaa juu ya meza zikidai malipo.

Ada hiyo sasa halmashauri yafikiri kuilipa kwa mchango wa Wakristu. Ushauri wetu ni huu: msilipe. Kwa fedha hiyohiyo nunueni vitabu vya karatasi vya Kiswahili, hata kama ni ishirini tu; na tableti, kama fundi aweza, zijazeni hadithi zile zisizo na kufuli, ambazo hakuna atakayekuja kuzidai. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba chenyewe kwanza kiwe chenu.